Maswali na majibu: Je, usimbaji unaweza kufichwa mlango wa nyuma?

Barua za toleo hili zimetoka Mwanza mjini na kisiwani Ukerewe, na zote zinazunguka jambo moja: kama mifumo inayosimba ujumbe, mafaili na miamala yetu (yaani inayovivuruga ili asiye na ufunguo asivisome) inaweza kuwa imetengenezwa huku mtu mwingine akibaki na njia yake ya kuingilia. Barua tumezifupisha bila kubadili maana.

Swali. Ndugu mhariri, ninafanya biashara ya mabondo ya sangara hapa Mwanza. Nanunua kwa wavuvi na mawakala wa Ukerewe, Sengerema na Musoma, nakausha, kisha nawauzia wanaosafirisha kwenda Hong Kong. Mnunuzi mmoja mpya amenitumia programu ya kompyuta na kunitaka nisimbe kwa programu hiyo orodha zote za uzito, madaraja na bei kabla ya kumtumia, kwa maelezo kwamba ni salama kuliko barua pepe ya kawaida. Kijana wangu anayesoma mambo ya kompyuta ananikataza, anasema usimbaji wowote unaweza kuwa na mlango wa nyuma. Je, jambo hilo lawezekana kweli, au ni hofu za vijana? Na kama lawezekana, mtu kama mimi atautambuaje? – Mfanyabiashara wa mabondo, Kirumba

Jibu. Ndugu yetu wa Kirumba, lawezekana, na limekwisha kutokea mara kadhaa mahali ambapo watu wenye akili na fedha nyingi walikuwa wakitazama. Neno moja tu la kijana wako ndilo ningelipunguza makali, nalo ni hilo «wowote», na sababu yake utaiona mbele.

Mlango wa nyuma ni njia iliyowekwa kwa makusudi ndani ya mfumo ili mtu fulani aweze kusoma kilichosimbwa bila kupewa ufunguo na mwenyewe. Makusudi ndiyo yanayoutofautisha na kasoro ya kawaida, ingawa mjenzi hodari huujenga ufanane na kasoro ili siku ukigundulika apate la kusema.

Kisa kilichothibitishwa kuliko vingine ni cha kampuni ya Crypto AG ya Zug, Uswisi, iliyoziuzia serikali za nchi zaidi ya 120 mashine za kusimba mawasiliano. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilinunuliwa kwa siri na mashirika mawili ya ujasusi, CIA ya Marekani na BND ya Ujerumani Magharibi, kwa dola milioni 5.75. Mashine nyingi zilizouzwa zilisanifiwa kwa namna iliyowawezesha wamiliki hao wa siri kusoma ujumbe wa wateja, wakiwemo Iran, India na Pakistan. Wajerumani walijitoa miaka ya mwanzo ya 1990, Wamarekani wakaendelea hadi 2018, na habari kamili ikatangazwa Februari 2020 na gazeti la Washington Post pamoja na televisheni ya Ujerumani ya ZDF. Katikati ya mambo hayo yumo mtu ambaye mimi humhurumia kila ninapokisoma kisa hiki: Hans Bühler, muuzaji wa kampuni hiyo, alikamatwa Iran mwaka 1992 na kushikiliwa kwa miezi tisa, akihojiwa juu ya siri ambayo waajiri wake hawakuwahi kumwambia. Aliamini anachokiuza.

Ofisa wa ubalozi aliyetumia mashine hizo aliona herufi zilizovurugika barabara, kama alivyotarajia, na hakuwa na namna ya kujua kwamba kuvurugika huko kulikuwa na utaratibu ambao mtu mwingine anaujua. Ni sawa na mizani ya mwaloni iliyochezewa kiwandani: mshale unacheza, namba inasomeka, mvuvi na mchuuzi wote wanaridhika, na anayejua upungufu ni aliyeichezea peke yake. Ndiyo maana kuitazama kazi ya usimbaji kwa macho, au hata kuipima kwa takwimu, hakutoshi kukuhakikishia usalama.

Kisa cha pili nitakieleza kwa kirefu zaidi, kwa kuwa kinaonyesha mahali mlango wa nyuma hujificha vizuri kupita kwingine, yaani kwenye namba nasibu. Kila mara kompyuta inapotengeneza ufunguo huhitaji namba ambayo hakuna awezaye kuibashiri. Programu inayozalisha namba hizo hutunza ndani yake hali ya siri. Huipitisha hali hiyo kwenye hesabu, hutoa namba, kisha huibadilisha na kuanza tena. Mtu akiijua hali ya ndani kwa mara moja tu, atazijua namba zote zitakazofuata, na kwa hiyo funguo zote zitakazotengenezwa, na hatakuwa na haja ya kuvunja chochote.

Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha kiwango chenye njia nne za kuzalisha namba nasibu. Moja yake, iliyoitwa Dual_EC_DRBG na kupigiwa debe na shirika la ujasusi la NSA, ilikuwa ya polepole mno ikilinganishwa na nyingine, na ilitumia nukta mbili za kihisabati, P na Q, zilizochapishwa kwenye kiwango bila maelezo ya jinsi Q ilivyopatikana. Agosti 2007, katika mkutano wa wataalamu wa usimbaji huko California, wafanyakazi wawili wa Microsoft, Dan Shumow na Niels Ferguson, walitoa mada fupi iliyoonyesha hatari yake. Kama aliyezichagua nukta hizo anaijua namba inayoiunganisha moja na nyingine, basi akipata baiti 32 tu (baiti ni biti nane, na biti ni tarakimu moja ya 0 au 1) za namba zilizozalishwa anaweza kuirudisha hali ya ndani. Kila mzunguko mfumo ulitupa biti 16 za jibu kabla ya kulitoa, na kwa hiyo mshambuliaji alipaswa kujaribu uwezekano 65,536, kazi ambayo kompyuta ya mezani huimaliza haraka. Watu hao wawili hawakumshutumu yeyote. Walisema tu kwamba hakuna njia ya kujua kama kuna aliyebaki na namba ile.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Namba ya siri haimo kwenye programu. Ungeweza kuusoma msimbo wote, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watengenezaji wa programu, mstari kwa mstari, ukakuta unafuata kiwango kilichochapishwa, ukaupitisha, na mlango ukabaki wazi mbele yako kwa yule mwenye namba. Septemba 2013, nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa mkandarasi wa NSA, zilionyesha kuwa NSA ilikuwa na mpango wa takriban dola milioni 250 kwa mwaka wa kushawishi usanifu wa bidhaa na viwango vya usimbaji. Desemba mwaka huo, shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa kampuni ya usalama wa kompyuta ya RSA ililipwa dola milioni 10 katika mkataba uliofanya Dual_EC_DRBG iwe chaguo la kwanza ndani ya bidhaa yake. RSA ilikanusha kwamba iliweka mlango wa nyuma kwa kujua. NIST iliuondoa mfumo huo mwaka 2014.

Mambo hayakuishia hapo. Desemba 2015 kampuni ya Juniper, inayotengeneza vifaa vya kulinda mitandao, ilitangaza kwamba imekuta ndani ya programu zake msimbo ambao haikuuidhinisha. Wataalamu walipouchunguza waliona kuwa vifaa hivyo vilitumia Dual_EC_DRBG, na kwamba tangu 2012 mtu asiyejulikana alikuwa amebadilisha ile nukta Q na kuweka ya kwake. Mlango uliojengwa na mmoja ukawa wa mwingine kwa kubadilisha namba moja tu, na mtambo ukaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Njia ya tatu ni ya kizamani lakini haijafa, nayo ni kuufupisha ufunguo kimyakimya. Tuchukue mashine inayojaribu funguo bilioni moja kwa sekunde. Ufunguo wa biti 80 ungeichukua miaka milioni 38 kuumaliza, wa biti 64 miaka 585, wa biti 40 dakika 18, na wa biti 32 sekunde nne na kitu. Mwaka 2021 watafiti wa Ulaya walionyesha kuwa GEA-1, algoriti (yaani kanuni ya hesabu ya kusimba) iliyolinda intaneti ya simu katika enzi ya 2G na kutangazwa kuwa na ufunguo wa biti 64, kwa undani wake ilikuwa na nguvu ya biti 40, tena kwa mpangilio ambao hauwezi kuwa wa bahati. Taasisi ya viwango ya Ulaya ilieleza kwamba ilifuata kanuni za wakati ule zilizozuia kusafirisha nje usimbaji wenye nguvu. Mwaka 2023 kampuni ya Uholanzi iitwayo Midnight Blue ilikuta jambo lilelile katika TEA1, mojawapo ya algoriti za redio za TETRA ambazo hutumiwa na polisi na mitambo ya umeme katika nchi nyingi: biti 80 kwenye karatasi, 32 kwenye kazi. Algoriti zote mbili zilikuwa za siri, na siri hiyo ilisaidia udhaifu kuishi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hata hivyo, shaka peke yake si ushahidi, na haki inanitaka nilitaje na la upande wa pili. Marekani ilipochapisha algoriti ya DES mwaka 1977, watu wengi waliamini kuwa majedwali yake ya ndani, ambayo NSA ilishiriki kuyapitia, yamefichwa mlango. Miaka ya 1990 ilipofika, Eli Biham na Adi Shamir walichapisha mbinu mpya ya kushambulia na kushangaa kukuta DES inaihimili kuliko walivyotarajia. Mwaka 1994 Don Coppersmith wa IBM alieleza kwamba wasanifu waliijua mbinu hiyo tangu miaka ya 1970 na kuyapanga majedwali kwa ajili ya kuizuia. Majedwali yalikuwa yameimarishwa. Udhaifu ulikuwa hadharani muda wote, kwenye ufunguo wa biti 56, na mwaka 1998 mashine iliyojengwa na EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, kwa chini ya dola 250,000 iliupata ufunguo kwa saa 56.

Kwa sababu hizo mrithi wake, AES, alipatikana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1997 yalitangazwa mashindano ya wazi, miundo 15 kutoka nchi mbalimbali ikashambuliwa hadharani na wataalamu wa dunia nzima wakiwemo washindani wenyewe, na ikashinda kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, iliyofanywa kiwango mwaka 2001. Namba zilizomo ndani ya AES zina maelezo ya zilikotoka, na yeyote mwenye hisabati ya kutosha anaweza kuzitengeneza upya. Hapo ndipo ninapotofautiana na neno «wowote» la kijana wako. Algoriti iliyo wazi, iliyoshambuliwa kwa zaidi ya miaka 20 na watu wasio na maslahi ya pamoja, ni mahali pagumu sana pa kuficha kitu. Waficha milango wameliona hilo, na wamehamia kwenye namba nasibu, kwenye programu, kwenye kifaa na kwenye kampuni.

Sasa turudi kwa mnunuzi wako. Yeye ndiye mpokeaji, kwa hiyo hahitaji mlango wa nyuma ili aisome orodha uliyomtumia. Kinachonitia wasiwasi ni zile orodha usizomtumia. Kompyuta hiyohiyo bila shaka ina bei ulizokubaliana na wanunuzi wengine, kilo ulizonazo ghalani na madeni ya mawakala wako, na programu uliyoiweka mwenyewe kwa mkono wako ina uwezo wa kuyafungua mafaili hayo yote. Kama haionyeshi ni algoriti gani inatumia, kama msimbo wake haujawahi kuonekana na mtu wa nje, na kama anayekupa ndiye mnayevutana naye bei, basi ushauri wangu ni kuikataa kwa adabu. Mwambie mtumie chombo ambacho si chako wala si chake: 7-Zip, kwa mfano, haina malipo, msimbo wake uko wazi, na inafunga faili kwa AES-256. Nywila iwe ndefu, na mpe kwa sauti kwenye simu, usiiandike kwenye barua pepe ileile iliyobeba faili. Akikubali, mtafanya biashara. Akishikilia kuwa ni programu yake au hakuna, umekwisha kujifunza jambo kuhusu mnunuzi huyo.

Swali. Habari za kazi. Mimi ni wakala wa huduma za fedha hapa Nansio. Siku nzima tunapiga menyu ya nyota mia na hamsini, na wateja wengine wana simu za vitochi. Pia wateja hunitumia picha za vitambulisho kwa WhatsApp. Je, kuna mtu katikati anayeweza kuona? – Mama wakala, Ukerewe

Jibu. Mama, hayo ni mambo mawili yenye majibu tofauti. Menyu ya nyota haisimbwi kutoka kwako hadi mwisho wa safari. Inasimbwa angani, kati ya simu na mnara, na kuanzia hapo mitambo ya kampuni inaisoma, kwa sababu kampuni ndiyo inayotekeleza muamala. Huo si mlango wa nyuma. Ni mlango wa mbele unaojulikana. Ulinzi wa angani, lakini, una historia yake: mwaka 1998 watafiti wa Marekani waligundua kuwa ufunguo wa simu za 2G, ulioitwa wa biti 64, ulikuwa unatoka kwenye laini ukiwa na biti kumi ambazo ni sifuri daima. Kwa ile mashine yetu ya funguo bilioni moja kwa sekunde, miaka 585 inakuwa siku 208. Mtandao wa 3G na 4G unatumia funguo za biti 128, kwa hiyo mteja mwenye simu inayoweza kushika mtandao huo na aitumie hivyo panapopatikana mawimbi. Pamoja na hayo, kwa kazi yako mimi ningeogopa zaidi jicho la mtu aliyesimama nyuma ya mteja anapobonyeza namba ya siri.

WhatsApp, tangu Aprili 2016, inasimba ujumbe wote kutoka simu hadi simu, na algoriti zake ni zilezile za Signal, programu nyingine ya ujumbe, ambazo zimechunguzwa hadharani. Programu yenyewe, hata hivyo, haiko wazi kama ya Signal. Picha za vitambulisho huvujia kwingine. Nakala rudufu inayopelekwa Google au Apple haifungwi kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe usimbaji wa nakala kwenye mipangilio, huduma iliyoanza 2021. Halafu fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa: kama kompyuta ya kijana aliyewahi kukusaidia dukani ingali imeorodheshwa pale, anasoma kila kitu bila kuvunja chochote. Iondoe leo. Picha ya kitambulisho ikishatumika, ifute. Mteja ana haki hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe pia unayezishika taarifa zake.

Swali. Shikamoo mwalimu. Chuoni tunafundishwa kuwa programu yenye msimbo wazi haiwezi kufichwa mlango wa nyuma kwa kuwa kila mtu anaiona. Je, ni kweli? – Mwanafunzi, Malimbe

Jibu. Marahaba. Ni kweli kwa sehemu, na sehemu inayobaki ni kubwa kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Kuwa wazi kunampa kila mtu nafasi ya kutazama. Hakumlazimishi yeyote kutazama. Kati ya 2006 na Mei 2008, toleo la OpenSSL, programu ya usimbaji, lililosambazwa na mfumo endeshi wa Debian lilizalisha, kwa kila aina ya kompyuta na kila urefu wa ufunguo, funguo 32,768 tu tofauti, kwa kuwa mtu alifuta mistari iliyochangia unasibu akidhani anaondoa onyo lisilo na maana. Haikuwa njama. Lakini msimbo ulikuwa mbele ya dunia nzima kwa karibu miaka miwili.

Njama yenyewe ilikuja baadaye. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mwaka 2021 katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Alirekebisha kasoro, akajibu maswali kwa upole, akaaminiwa hadi kupewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya, kisha mwanzoni mwa 2024 akaingiza ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa kuingilia seva kwa njia ya SSH, ambayo hutumika kuiongoza seva ukiwa mbali. Aliuficha ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo hakuna anayeyasoma, na hatua ya kuuamsha akaiweka kwenye kifurushi cha kusambaza peke yake. Aliyesoma msimbo uliokuwa hadharani asingeikuta. Mhandisi Andres Freund aligundua kwa sababu kuingia kwenye seva yake kulianza kuchelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakukubali kuiacha nusu sekunde hiyo bila maelezo. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajafika kwenye seva nyingi.

Yapo na yaliyofichika zaidi. Mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, alieleza jinsi programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine inavyoweza kufundishwa kuingiza mlango yenyewe kila inapotafsiri, hata pale ambapo msimbo ulioandikwa ni safi kabisa. Kinga inayofanyiwa kazi sasa ni watu mbalimbali, katika kompyuta zisizohusiana, kuutafsiri msimbo uleule na kulinganisha matokeo biti kwa biti. Pakiwa na tofauti, pana la kuulizwa. Bado nakushauri uchague msimbo wazi. Mlango wa xz uligunduliwa na mtu wa nje, aliyeweza kufungua, kupima na kufuatilia mpaka chanzo bila kumwomba mtu ruhusa. Katika programu iliyofungwa, Freund angeishia kuandika malalamiko kwa huduma ya wateja kuhusu kuchelewa kwa nusu sekunde. Kama unatafuta mada ya mradi wako wa mwisho, chukua programu moja ndogo ambayo benki na hospitali zetu zinaitegemea, uisome.

Swali. Mhariri, mimi ni mstaafu. Binti yangu alitapeliwa na watu wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Nikisoma habari za usimbaji najiuliza: kwa nini kusiwe na ufunguo mmoja wa akiba unaokaa serikalini, utumike kwa amri ya mahakama tu, ili wahalifu wasijifiche? Mbona mnauita mlango wa nyuma kana kwamba ni dhambi? – Mzee wa Nyakato

Jibu. Shikamoo mzee, na pole kwa binti. Hoja yako si ya kupuuzwa; anayeitoa anataka haki, nami naitaka. Tatizo ni kwamba hisabati haitambui amri ya mahakama. Inamtambua mwenye namba, awe hakimu au mwizi.

Marekani ilijaribu hasa hicho unachokisema. Mwaka 1993 ilitangaza chipu iliyoitwa Clipper, ambayo kila moja ilikuwa na ufunguo wa akiba uliogawanywa kati ya ofisi mbili za serikali. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze alionyesha kuwa sehemu ya ujumbe iliyompa mpelelezi njia ya kuingia ililindwa na hakikisho la biti 16 tu, na kwa hiyo mhalifu mwenye ujuzi angeweza kuitumia chipu na kulikwepa jicho la serikali. Ikawa anayebaki wazi ni raia mwema. Mpango ukafa.

Ugiriki jambo lilikuwa baya zaidi. Mitambo ya simu iliyouzwa huko ilikuwa na uwezo wa kusikiliza mazungumzo kwa kibali cha sheria. Watu ambao hawakufahamika waliingia, wakauamsha uwezo huo, na kati ya 2004 na 2005 wakasikiliza simu za watu zaidi ya 100, akiwemo waziri mkuu Kostas Karamanlis. Na mwaka 2024 Marekani ilieleza kuwa wadukuzi inaowahusisha na China wameingia katika kampuni zake kubwa za simu, hadi kwenye mitambo inayotumika kutekeleza amri za mahakama za kusikiliza simu. Desemba mwaka huo maofisa wa serikali ileile iliyoitaka Clipper waliwashauri wananchi watumie mawasiliano yaliyosimbwa. Mjadala haujaisha: Februari 2025 Apple iliiondoa kwa watumiaji wapya wa Uingereza huduma yake ya juu kabisa ya kusimba data, baada ya serikali ya huko kutaka ipewe njia ya kuifikia.

Ufunguo mmoja unaofungua simu za watu wote ungekuwa kitu cha thamani kuliko ghala lolote la mabondo hapa mjini, na ungepaswa kulindwa miaka yote bila kukosea hata siku moja, na kila anayeajiriwa, kila anayestaafu, kila anayefanya usafi katika jengo hilo.

Kuhusu waliomtapeli binti, mzee, hao hawakujificha nyuma ya usimbaji. Ujumbe wao ulikuwa SMS ya kawaida, ambayo kampuni ya simu ilikuwa na uwezo wa kuisoma. Laini waliyoitumia ilisajiliwa kwa alama za vidole vya mtu fulani, fedha ziliingia kwenye akaunti yenye jina, na zikatolewa kwa wakala mwenye namba, siku na saa zinazojulikana. Taarifa zote hizo polisi wanaweza kuzipata kwa utaratibu wa kisheria uliopo, bila ufunguo wowote wa akiba. Kama kesi imelala, nendeni kituoni na namba ya kumbukumbu ya muamala, namba ya simu iliyotuma ujumbe na ujumbe wenyewe usiofutwa, na mwombe kwa maandishi kwamba kumbukumbu hizo ziombwe kampuni ya simu mapema.